Kilo 20 za chuma, na tope la Agincourt

Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na kidogo. Nimelibeba sana utotoni. Ukilishika mkononi linakukata vidole kabla hujafika nusu ya njia. Ukijitwisha juu ya ngata, unafika nyumbani unapiga soga. Uzito ni uleule.

Ndiyo maana huwa nabishana na wanaocheka deraya za chuma za Ulaya ya kale, zile zilizomfunika mtu kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Wanasema aliyevaa alikuwa kama kabati: akianguka hainuki, na kupanda farasi mpaka anyanyuliwe kwa winchi. Hiyo winchi ni hadithi tu.

Deraya kamili ya vitani ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi. Askari wa miguu wa leo, ukijumlisha begi, risasi, maji na fulana ya kuzuia risasi, mara nyingi anabeba zaidi, tena mzigo mkubwa ukiwa umemning'inia mabegani. Mafundi wa Milan, Italia, na Augsburg, Ujerumani, waligawa chuma mwili mzima, wakimpima kabaila kama fundi cherehani anavyopima suti. Vipande vya miguu vilifungwa kwa kamba kwenye koti la ndani lililombana kiunoni, ili nyonga nazo zibebe. Kwenye viungo waliweka vibamba vilivyopandana kama mkia wa kambakoche, vikifunguka na kujifunga kila mtu alipojikunja. Deraya za mashindano ya mikuki ni habari nyingine. Zile zilipita hata kilo 40, na mvaaji alichotakiwa ni kukaa juu ya farasi na kulenga.

Isitoshe, hawa watu walizoezwa tangu utoto. Daudi alivua mavazi ya vita ya Sauli kwa sababu hakuyazoea, si kwa sababu yalikuwa mabovu. Boucicaut, kabaila wa vita wa Kifaransa wa zama hizo, aliyazoea. Kitabu cha maisha yake kinasema alipiga sarakasi akiwa na deraya yote isipokuwa chapeo, aliruka juu ya farasi bila kukanyaga kikuku, na alipanda ngazi iliyoegemezwa ukutani kwa upande wa chini, kwa mikono tu, miguu ikining'inia. Kiliandikwa ili kumsifu, kwa hiyo punguza nusu ukipenda. Nusu iliyobaki bado inanishinda mimi niliyevaa fulana.

Ila siwaungi mkono pia wale wanaodai uzito haukuwa kitu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwavisha watu wazoefu nakala za deraya, wakawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Kutembea tu kulitumia nguvu zaidi ya mara mbili ya kawaida. Shida ilikuwa miguuni: kilo 7 au 8 zilikaa huko chini, na kila hatua ni kuzinyanyua upya. Kifua nacho kilibanwa, wakawa wanahema haraka haraka badala ya kuvuta pumzi ndefu. Mtu yeyote aliyewahi kulima wakati wa masika anaelewa. Buti likishika udongo mfinyanzi, mpaka ufike mwisho wa tuta mapaja yanawaka, na hujabeba kitu zaidi ya jembe.

Sasa mrudishe kabaila wa Kifaransa Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye vita dhidi ya Waingereza, tarehe 25 Oktoba 1415. Mvua imenyesha usiku kucha juu ya shamba lililolimwa karibuni. Anatembea kwa miguu, amebanwa na wenzake kati ya misitu miwili, na kwa sababu ya mishale ameinamisha kichwa na kushusha kifuniko cha uso, akihema hewa yake mwenyewe. Anawafikia Waingereza akiwa hoi. Wapiga mishale wao, wepesi kwa mavazi, wanaweka pinde chini na kumwendea kwa shoka na nyundo. Aliyeteleza hainuki, maana wenzake wa nyuma wanamwangukia. Deraya yake ni ileile aliyoweza kukimbia nayo kwenye uwanja mkavu.

Boucicaut alikuwemo siku hiyo, miongoni mwa makamanda, umri karibu miaka 50. Waingereza walimkamata akiwa hai. Alikufa Uingereza mwaka 1421, bado mateka.