Kabla ya Kumwombea Mgonjwa, Muulizeni

Ninaishi Saint Paul, Minnesota, kwa mwaka wa 11 sasa, na riziki yangu naipata kwa kuwahudumia wazee katika makao ya wazee. Mwaka jana nilirudi nyumbani kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria, nikiwa mkalimani wa wageni. Usharika wetu huku una undugu na usharika mmoja wa Iringa, katika ule uhusiano ulioanza mwaka 1987 kati ya Walutheri wa eneo la Saint Paul na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambao hata Wamarekani wenyewe wanauita kwa Kiswahili, Bega kwa Bega. Tulikuwa watu tisa, na siku mbili za safari yetu zilitengwa kwa ajili ya kuwatembelea wagonjwa na kuomba pamoja nao katika hospitali moja ya kanisa. Nimerudi na jambo moja ambalo nawaandikia ndugu wa pande zote mbili: mgonjwa aulizwe kwanza.

Huku, mtu anapolazwa huulizwa dini yake na kama angependa kutembelewa na mchungaji. Sheria ya mwaka 1996 inayolinda siri za wagonjwa inampa nafasi ya kukataa jina lake lisionyeshwe hata kwa mchungaji aliyekuja kuwatafuta waumini wake. Mchungaji wa hospitali hugonga mlango, hujitambulisha, huuliza kama wanaweza kuomba pamoja, na akiambiwa hapana, huomba ruhusa ya kuketi tu au huaga. Mimi mwenyewe kazini kwangu siruhusiwi kuanzisha sala kwa mzee ambaye hajaiomba. Heshima hiyo naipenda kwa dhati. Hata hivyo nimemhudumia mzee ambaye tangu Jumapili hadi Jumapili nyingine mlango wake haukufunguliwa na mtu yeyote isipokuwa sisi wa dawa na sinia za chakula. Hakuna aliyeingia bila kubisha hodi, kwa sababu hakuna aliyekuja.

Kule Iringa, wakati wa kuona wagonjwa ulipofika, wodi ilijaa watu hadi mlangoni, wenye hotpoti za uji, chupa za chai na kanga zilizofuliwa. Aliyekuja kumwona shangazi yake alimpa pole na mgonjwa wa kitanda cha pili, na yule asiyekuwa na ndugu karibu alikunywa uji wa jirani. Kwa hili siwezi kuilinganisha Marekani na kwetu. Kwetu ni bora zaidi. Lakini katika wodi hiyohiyo nilisikia kikundi cha waombaji kikiimba na kukemea kwa sauti kubwa juu ya mama aliyetoka kupasuliwa asubuhi hiyo, naye amegeuza uso ukutani, wala hakuna aliyemuuliza kama anataka. Kitanda cha jirani alilala mama wa Kiislamu, ambaye tulipomsogelea alisema kwa upole kwamba dua haikataliwi, ila angependa tuombe kimya. Ombi dogo kama hilo lisingejulikana kama tungeanza tu.

Wageni wangu nao walinihuzunisha siku ya kwanza. Watu ambao Saint Paul wasingethubutu kuingia chumba cha mgonjwa bila kugonga walipita kati ya vitanda 20 wakiwa wameshika simu, wakipiga picha za watu waliovaa nguo za wodini. Sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Walichukulia kwamba kwa kuwa wodi haina milango kati ya kitanda na kitanda, basi hakuna hodi ya kupiga. Jioni nililisema hilo mezani, nao walilipokea kwa unyenyekevu. Kesho yake simu zilibaki garini.

Siku hiyo ya pili tulimkuta bibi mmoja aliyevunjika paja, mguu wake ukiwa umevutwa kwa kamba yenye uzito mwishoni mwa kitanda. Nilimsalimu, “Kamwene, bibi,” akafurahi, akanishika mkono asiuachie. Mama mmoja wa kwetu Minnesota, muuguzi mstaafu, alipiga magoti na kuuliza kupitia kwangu, “Ungependa tukuombee nini?” Bibi alianza kueleza taratibu, nami, kwa mazoea ya sala nyingi nilizokwisha kutafsiri, sikungoja amalize, nikamwambia mgeni kwa maneno mawili kwamba anaomba kupona. Bibi alinitazama. “Mwanangu, mbona mimi nimesema mengi na wewe umesema kidogo?”

Nilimwomba radhi na kumsihi arudie. Mguu, alisema, madaktari wanaushughulikia na Mungu anauona. Kilichomnyima usingizi ni nyumba: upepo uliezua bati mbili siku chache kabla hajaanguka, na mahindi yake ya mbegu yako darini. Mzee wa kanisa wa mtaa wake alikuwa amesimama nasi palepale. Alikuwa amekuja kumwombea mara tatu tangu alazwe, naye alikuwa anasikia habari za bati kwa mara ya kwanza.

Tuliombea mguu, tukaombea na mahindi. Tangu siku hiyo naisoma Yakobo 5:14 kwa utulivu zaidi, kwa maana haisemi wazee wa kanisa wamvamie mgonjwa, inasema “na awaite.” Bwana Yesu naye alimwona Bartimayo kuwa ni kipofu, lakini bado alimuuliza anataka afanyiwe nini. Ndugu zangu wa nyumbani, ule wingi wenu wodini msiupunguze hata kidogo. Wa huku tunautamani kuliko mnavyodhani. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya pambio la kwanza, mmoja wenu ainame karibu na mto wa mgonjwa, amuulize, na angoje jibu lote hadi mwisho.

Safari nyingine ni Julai. Safari hii tutakuwa wakalimani wawili, ili kila kitanda kipewe muda wake. Mzee wa kanisa alinipigia simu mwezi uliofuata: vijana wa usharika walipanda darini wakapigilia bati, na magunia ya mbegu waliyakuta makavu, isipokuwa moja.