Woki toki ama simu? Na ile Noah ya mwisho je

Kikundi chetu hutoka Mombasa mara tatu nne kwa mwaka, magari matano sita hivi, na kila safari ikikaribia mzozo ni ule ule, tununue redio za kuongelea ama tutumie simu kama watu wengine. Sasa twaenda Tsavo East, tuingilie geti la Buchuma tutokee Sala tuteremke Malindi, na watu washagawanyika. Nimeona niandike maana kwa mdomo hatumalizani, kila mtu aongea juu ya mwenzake.

Wa simu wana hoja, tusiwacheke. Simu kila mtu anayo, hakuna wa kufundishwa kitu, na ukienda Kilifi ama Diani ama hata ukipanda Nairobi kwa barabara kuu, sehemu kubwa ya njia ukipiga inaingia. Tena siku hizi kuna apu za kubonyeza ndo uongee, na kuna redio za laini kabisa, ukiziona wasema ni woki toki lakini ndani ni simu tu, zaenda na simkadi na bando. Wewe ukiwa Voi na mwenzako bado yuko kwa foleni ya feri Likoni mnasikizana kama mko baraza moja, kitu ambacho redio ya mkononi haifanyi hata uifunge juu ya mnazi.

Lakini netiweki ikikata, imekata kwenu nyote kwa pamoja, na hukata pale pale mnapoihitaji. Mwaka jana tukitoka Aruba kuelekea Galana, Noah iliyokuwa mwisho ikapata pancha. Vumbi la Tsavo mnalijua, jekundu lile, huwezi kumfuata mtu karibu ukaona njia, kwa hivyo kila gari laacha nafasi, nusu kilomita, mara kilomita, na baadaye huoni tena kama wa nyuma yupo ama hayupo, waona vumbi lako mwenyewe tu. Sisi wa mbele tulikuja kushtuka kama saa nzima imepita. Kumbe jamaa yuko kule na watoto ndani ya gari, simu haina hata mshale mmoja, na ndani ya mbuga kushuka kufungua tairi si kama kushuka Mtwapa, wenyewe wenye mbuga wako pale kwa kichaka. Tangu siku hiyo mimi nimetoka upande wa simu nikaenda wa redio.

Haya, redio nazo. Hapa ndo watu hudanganywa, maana karatasi ya boksi itakwambia kilomita kumi na zaidi na muuzaji atakuapia. Ukweli ni kwamba mawimbi ya redio hizi, ya aina mbili, VHF yale ya 136 hadi 174 MHz na UHF ya 400 na kitu (MHz ndiyo nambari ya wimbi, ndiyo huitwa masafa), husafiri karibu kama macho yaonavyo. Mtu aliyeshika redio mita moja na nusu juu ya ardhi, upeo wake ni kama kilomita 5, na mwenzake 5, jumla 10, lakini hiyo ni pasipo mti wala kilima wala bodi ya gari. Na wewe uko ndani ya bati! Mkiwa mmekaa ndani ya magari na vijiti vyenu mkononi, hesabu kilomita moja mbili, mkibahatika tatu.

Dawa yake si wati. Kutoka wati 5 kwenda 10 sikio hata halitambui sana. Dawa ni antena iende nje juu ya paa, ile ya sumaku yenye waya unaopita mlangoni, waichomeka kwa redio hiyo hiyo ya mkononi na inakuwa kitu kingine. Wakubwa wa msafara hufunga redio ya gari kabisa, wati 25 ama 50, inakula umeme wa betri ya gari, haiishi chaji, na kwa uwanda kama ule wa Taru utamsikia mtu mbali sana. Ila ni pesa na ni fundi, na gari la kuazima ama la kukodi utalitoboa vipi? Kwa kikundi cha mara tatu kwa mwaka mimi naona ni mbwembwe.

Kuna wenye ndugu Uingereza waliletewa zile redio ndogo za Ulaya ziitwazo PMR, 446 MHz, nusu wati, na antena yake haitoki. Huko hazihitaji leseni, ndo wanadhani na hapa ni vivyo hivyo bila hata kuuliza. Ruhusa ya Ulaya ni ya Ulaya. Hapa masafa hugawa Mamlaka ya Mawasiliano, na redio zile za Kichina za kuprogramu, ambazo moja ni chini ya bei ya tairi, hufika zikiwa wazi kila mahali, unaingia popote bila kujua ni kwa nani. Na sisi wa Mombasa tuna la zaidi, mlango wetu ni bandari. Chaneli 16 ya vyombo vya baharini iko 156.8 MHz, katikati kabisa ya VHF hizo, ndiyo meli huita na ndiyo mtu akizama huomba msaada. Sasa mtoto yuko kiti cha nyuma hapo Nyali, abonyeza vitufe, aanza kuimba, na Kilindini wanamsikiza. Hili wenzangu wa upande wa redio hulipita haraka haraka na mimi siwaungi mkono. Leseni itafutwe kabla ya kununua, na redio zifungwe kwa chaneli mlizopewa, vitufe vingine vife.

Halafu hoja ya kuovateki. Wa redio hupenda kusema eti wa mbele atatwambia njia iko wazi tupite malori. Hapana. Ukiwa kwa 80 na anayekuja kwa 80, kila sekunde mnakaribiana mita 44. Maneno yakichelewa sekunde tano tu, umekula zaidi ya mita 200. Wa mbele akwambie kuna shimo, kuna ng'ombe, kuna polisi, lakini kupita upite kwa macho yako.

Na kuna kitu cha lugha yetu ambacho sijasikia mtu akikisema. Redio hizi ukibonyeza na kuongea hapo hapo, zameza mwanzo wa neno. Sasa Kiswahili kukataa kwetu kuko mwanzoni! "Msipite" ikimezwa kichwa inafika "pite", na wa nyuma anapita. "Hakuna gari" inafika "kuna gari", hiyo angalau haikuui. Kwa hivyo bonyeza, hesabu moja, ndo uongee, na ukitaka watu wasimame sema simama, simama, usiseme msije.

Mimi basi nimependekeza hivi. Diani na Kilifi simu yatosha, hakuna haja ya kujifanya jeshi. Tsavo na njia ya Garsen kwenda Lamu, redio za mkononi sita, leseni ikiwa mkononi, na antena za sumaku mbili tu, moja gari la mbele na moja gari la mwisho, kwa sababu hao wawili ndo hupotezana, wa katikati hupokezana maneno. Zile redio za laini zibaki kwa wale wanaotoka siku tofauti.

Wote wamekubali isipokuwa mwenye Noah, anasema paa lake lina kerea na mizigo, sumaku haina pa kukaa. Nimemwambia ataibandika kwa boneti, itapungua nguvu kidogo lakini itasikika. Anasema itaharibu rangi.