Karata nazo zinataka bando?

Hivi ni mimi tu au na nyie yamewakuta? Juzi usiku umeme upo, watoto wamelala, nikasema leo nicheze karata kama enzi za Windows XP, lile gemu ambalo ukishinda karata zinarukaruka kioo kizima mpaka raha. Nikashusha moja kwenye simu. Kwanza linataka intaneti. Karata! Zinaenda wapi huko mtandaoni, kusalimia ndugu? Mara nijisajili, mara nikubali masharti marefu kama hotuba ya mgeni rasmi, na kabla sijagusa hata kopa moja tangazo la sekunde 30 hilo, kialama cha kulifunga kidogo kuliko sisimizi, ukikikosa tu unajikuta dukani unauziwa viatu.

Nani alituroga jamani? Gemu la Vice City la 2002 ulikuwa unaweka CD unacheza mpaka mama anakuja na mwiko, maneno ya siri tumeyaandika nyuma ya daftari la hesabu, ukiandika PANZER unashushiwa kifaru cha vita, polisi wakikuandama unaandika LEAVEMEALONE wanakuacha kama hamjawahi kuonana. Kuna mtu aliwahi kukuomba namba ya simu pale? (Hesabu zenyewe nilifeli, tuyaache hayo.)

Basi jana lile gemu la karata likaniambia nafasi zimeisha, nisubiri dakika 20 au nilipie. Nilipie karata? Nimelifuta, nimepekua kabati nikapata karata zetu za zamani za karatasi. Mzee wa kopa hayupo.