Kukatwa si njia pekee
Eti mtu mzima mwenye kidole kilichokua kupita kiasi tangu kuzaliwa, dawa ni kukikata tu? Si lazima. Mdogo wangu alikuwa na cha kati kama ndizi mzuzu, hata vifungo vya shati alifungiwa na mkewe. Akiwa na miaka 31 alipunguzwa mafuta upande mmoja na mfupa ukafupishwa. Upande wa pili ukasubiri miezi, maana ukifungua pande zote kwa mpigo damu inaweza isifike nchani. Kuzuia mfupa usikue ni kwa watoto, mtu mzima keshachelewa. Ganzi ya mkono iliyokuwa ikimsumbua usiku iliisha baada ya neva (mshipa wa fahamu) kulegezewa kwenye kifundo cha mkono, ila kidole hakikunjiki vizuri. Kuna aliyefanyiwa kikakunjika?