Ukinifungia Tovuti, Niambie Kwamba Umeifunga

Juma lililopita, wakati wa mapumziko ya mchana, kompyuta ya ofisini hapa Birmingham ilinikatalia ukurasa wa michezo wa gazeti moja la Kampala, nami nikafurahi. Kilichonifurahisha ni maandishi yaliyojitokeza: kwamba tovuti imefungwa na kampuni, kwamba kichujio, yaani programu inayozuia tovuti zisizotakiwa, kimeiweka katika kundi la kamari, na kwamba anayeona kosa aiandikie idara ya kompyuta. Nadhani kichujio kilishtushwa na matangazo ya kubeti yaliyouzingira msimamo wa ligi, kama mnavyozijua kurasa zetu za mpira. Niliandika, na kabla ya jioni ukurasa ukafunguliwa.

Katika ofisi niliyofanyia kazi Kampala, YouTube ilikoma siku moja bila neno. Ukurasa ulizunguka tu. Wengine walilaumu waya, wengine wakasema bili haijalipwa, wengine wakaitaja Tume ya Mawasiliano kwa sauti ya chini, na mzee mmoja wa uhasibu akawa anaizima na kuiwasha kompyuta yake hadi chai ikapoa. Baadaye tulipata habari kwa dereva wa mkurugenzi kwamba bosi ameamuru ifungwe kwa sababu bando lilikuwa likiisha kabla ya mwezi. Sababu hiyo ilikuwa nzuri kabisa, hata mimi ningeifunga. Ila sielewi kwa nini dereva aliambiwa na sisi tukaachwa tukigombana na waya.

Najua mtakayoyasema: huyu ameonja baridi kidogo, sasa anatufundisha adabu. Mtaongeza kwamba huku mwajiri anaweza kuona kila tovuti ninayoifungua, na hilo ni kweli, lakini nililisoma katika kanuni za kazi na kulitia sahihi kabla sijakabidhiwa kompyuta. Sisemi kwamba Waingereza hawafungi. Wanafunga sana, pengine kuliko sisi.

Wala sisemi kwamba Waganda ni wajinga wa mambo haya. Tangu mitandao ya kijamii ilipozimwa siku ya uchaguzi wa Februari 2016, kisha ikaja kodi ya kuitumia, shilingi 200 kwa siku, mwaka 2018, hata muuza mitumba wa soko la Owino, Kampala, alijua VPN ni nini: programu ya kupenyea penye kufungwa. Sheria ya kuthibitisha umri kabla ya kufungua tovuti za ngono ilipoanza kutumika Uingereza Julai 2025, na watu wakakimbilia kupakua VPN, wenzangu kazini waliniuliza mimi namna ya kuitumia, nami nikawaeleza kwa majivuno ambayo sikuyaficha.

Lakini ujuzi huo umetuletea balaa maofisini. VPN hupitisha mawasiliano ndani ya njia iliyofichwa, hivyo kichujio hakioni tena kinachopita, kiwe picha za harusi au programu yenye virusi, na ndiyo maana ofisi nyingi huipiga marufuku. Sasa mfikirieni Mganda ambaye wateja wake wako Facebook, iliyofungwa Januari 2021: akiwasha VPN amevunja kanuni ya ofisi, na asipoiwasha hauzi. Kwa haki, safari ile Rais mwenyewe alitangaza kwenye televisheni kwamba Facebook imefungwa, na sababu akaitaja. Skrini ya ofisini, hata hivyo, haikutofautisha amri ya Serikali, amri ya bosi na intaneti mbovu. Yote yalikuwa mzunguko uleule, na mtu asiyejua nani amemfungia hajui amwombe nani, basi anatoboa tu.

Mtanijibu kwamba mambo haya yanataka fedha za Ulaya. Hayataki. Vichujio vingi vinavyouzwa kwa ofisi vina nafasi ya kuandika ujumbe wa kuonyeshwa panapofungwa tovuti, na fundi angeweza kuweka hapo jina la idara, sababu, na namba ya simu ya ndani. Ni sentensi mbili, na mkurugenzi wangu wa zamani tayari alikuwa amezisema kwa dereva.