Mlima wa asubuhi, na herufi mbili za sahihi

Mama mmoja wa Shanty Town, Moshi, aliniita niitazame picha aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ni rangi ya mafuta kwenye kanvasi: mlima, barabara ya vumbi, mijakaranda iliyochanua, na migomba kwa chini. Sahihi yake ni herufi mbili tu. Muuza vinyago mmoja mjini amempa bei ya laki mbili. Mwenyewe anaamini inafika milioni mbili.

Hoja ya muuza vinyago ni nzito kuliko sisi wapenda sanaa tunavyotaka kukubali. Sokoni, bei ya picha hubebwa na jina: mchoraji alionyesha wapi kazi zake, nani alinunua, kwa kiasi gani. Hapa hakuna hata risiti. Tena mtalii anayeshuka mlimani hutafuta Tingatinga, michoro aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtindo wa picha hii ni mwingine, wa mipigo mifupi ya brashi na mwanga unaotetema; unaitwa impressionism, jina ulilolipata Paris mwaka 1874, mchoraji Mfaransa Claude Monet alipoonyesha picha yake ya jua likichomoza. Mtalii ameuzoea kwao. "Huyu kaiga Wazungu," ndiyo hukumu ya muuza vinyago.

Hapo namkatalia. Michoro mingi ya Kilimanjaro inayouzwa barabarani imenakiliwa kutoka picha za kamera zilizopigwa Amboseli, Kenya, upande wa pili wa mlima. Utaijua kwa kilele cha Mawenzi kukaa kushoto kwa kile cha Kibo. Hapa Mawenzi iko kulia, kama tunavyoiona sisi wa Moshi. Tazama na vivuli: vimelala kushoto, vikielekea mlimani. Mijakaranda yetu huchanua Oktoba na Novemba, jua likiwa limehamia kusini, na asubuhi hukitupa kila kivuli kaskazini-magharibi. Mtu huyu alisimama pale barabarani! Tena alikuwa na haraka, maana mawingu hayangoji. Theluji ya Kibo kaipiga kwa mipigo michache, na waridi imeingia kwenye nyeupe kabla haijakauka. Mtindo kaazima, sawa, lakini macho ni yake.

Migomba ndiyo iliyoniumiza. Monet na wenzake wengi walikwepa nyeusi kwenye vivuli, wakaweka buluu na zambarau. Huku juu mchoraji wetu kafanya vivyo hivyo, vizuri kabisa, kisha huku chini kamwaga nyeusi tupu, na majani yamekuwa mazito kama mabati. Nahisi sehemu hiyo aliimalizia ndani ya nyumba, kwa kukumbuka. Ni karibu theluthi moja ya picha, siwezi kuifumbia macho.

Kwa hiyo milioni mbili sikuweza kumtajia. Laki mbili nayo ni bei ya pambo, na hii si pambo. Nilimwambia asikubali chini ya laki sita, na kabla ya kuuza apige picha mgongo wa kanvasi, kisha awaonyeshe wazee waliosali na baba yake zile herufi mbili. Huenda yupo anayezijua. Na asiipanguse tena kwa kitambaa chenye maji.

Akaniuliza kama anaweza kuirudisha pale ilipokuwa, mkabala na dirisha. Nikamwomba aihamishie ukuta wa pili, jua lisikoingia.