Miezi miwili ni mapema mno

Mwandishi wa makala moja kuhusu usingizi wa watoto anashauri mtoto wa miezi miwili aachwe alie mpaka alale mwenyewe. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mtoto wa umri huo huamka usiku kwa sababu ana njaa, na mwili wake bado haujajua kutofautisha usiku na mchana. Hata madaktari wanaounga mkono mafunzo ya usingizi, yaani kumzoesha mtoto kulala mwenyewe, wengi wao husema tusubiri walau miezi minne hadi sita.

Tena, kufundisha si kutelekeza. Njia ya Daktari Richard Ferber wa Marekani ni hii: unamlaza angali macho, unatoka, unarudi baada ya dakika chache kumtuliza bila kumbeba, kisha unarefusha muda kidogo kidogo. Wengine huketi kando ya kitanda, na kila baada ya siku chache wanasogeza kiti kuelekea mlangoni, mpaka wanatoka kabisa. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012 ulizipima njia hizi mbili na kuwafuatilia watoto hadi miaka sita. Haukukuta madhara ya kudumu, wala faida ya kudumu. Basi mzazi asiyetaka asisukumwe, na anayetaka asiitwe katili (maneno hayo yanaumiza sana mtu aliyekesha).

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni usalama. Njia yoyote mtakayochagua, mtoto alazwe chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mito wala mablanketi karibu na uso wake.